Je, wajua kwa nini senti chache za kodi ya mafuta ziliitikisa Ufaransa nzima?

Jumamosi ya tarehe 17 Novemba 2018, watu zaidi ya 280,000, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walivaa vizibao vya njano wakaenda kukaa kwenye vipilefti, raundabauti kwa msomaji wa Nairobi, kote Ufaransa. Kizibao hicho kila dereva wa nchi ile analazimika kuwa nacho garini tangu 2008, ili akiharibikiwa njiani aonekane. Kilichowatoa nyumbani ni kodi ya kaboni kwenye mafuta, iliyowekwa ili kupunguza hewa ukaa. Wengi waliotazama kwa mbali walisema basi Wafaransa hawajali mabadiliko ya tabianchi. Walikosea, na kosa hilo bado linaharibu sera nyingi.

Tuanze na kodi yenyewe. Mwaka 2014 ilikuwa euro 7 kwa kila tani ya hewa ukaa. Ikapandishwa mwaka hadi mwaka, ikafika euro 44.60 mwaka 2018, na ilipangwa kufika 55 mwaka 2019. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa (usishangae kwamba moshi una uzito kuliko mafuta: kaboni hujishikiza na oksijeni ya hewani). Piga hesabu, utapata kama senti 12 kwa lita, kabla ya VAT ya asilimia 20 inayotozwa juu ya kodi hiyo hiyo. Kulikuwa pia na mpango wa kuipandisha kodi ya dizeli hadi ilingane na ya petroli. Vyote viwili vikijumlishwa, Januari 2019 lita ya dizeli ingeongezeka senti 6.5.

Mchukue muuguzi msaidizi anayekaa kilomita 30 kutoka hospitali anakofanya kazi. Kwenda na kurudi siku 22 ni kilomita 1,320 kwa mwezi. Gari lake likila lita 6 kwa kilomita 100, anachoma lita 79. Nyongeza iliyokuwa inakuja kwake ni kama euro 5 na senti 15 kwa mwezi.

Euro 5 peke yake haziwatoi nyumbani watu robo milioni. Ni kweli bei ya mafuta ghafi duniani nayo ilikuwa imepanda mwaka ule, lakini bei zilikuwa zimepanda miaka mingine pia, na watu walinung'unika wakalipa. Safari hii kulikuwa na mambo mengine, na hayo hayaonekani kwenye jedwali la mchumi.

Kodi ya kaboni hufanya kazi kwa kumpa mtu sababu ya kubadili mwenendo. Aliye katikati ya Paris ana metro mlangoni. Yule muuguzi hana treni wala basi la alfajiri. Kodi za pango mjini ndizo zilizomsukuma kukaa mbali, na gari la dizeli alilinunua kwa sababu serikali kwa miongo kadhaa iliitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli, na kuanzia 2008 ikawapa ruzuku wanunuzi wa magari yenye moshi mdogo, mengi yao ya dizeli. Alifanya alichoelekezwa. Sasa anaadhibiwa kwa kutii, na hana pa kukimbilia. Kwake kodi hii ni makato ya mshahara tu.

Kisha watu wakatazama nani ameachwa. Mafuta ya ndege za abiria hayakutozwa. Januari ya mwaka ule ule wa 2018 kodi ya utajiri ilifutwa, ikabaki ya majumba na ardhi tu. Julai, mwendo kwenye barabara nyingi za vijijini ukashushwa hadi kilomita 80 kwa saa. Kila hatua ina hoja yake ukiisoma peke yake. Lakini wananchi huziweka zote kwenye mizani mmoja, na mwaka ule mizani ulilalia upande mmoja.

Msaada ulikuwepo, na kasoro yake inafundisha mengi. Serikali ilituma kwa kaya za kipato cha chini cheki ya nishati, kati ya euro 48 na 227 kwa mwaka. Cheki hiyo ililipia umeme, gesi na kupasha nyumba joto. Kituo cha mafuta hakikuipokea. Yaani mzigo ulishushwa kwenye tangi la gari, kitulizo kikapelekwa kwenye bili ya nyumba. Na sehemu kubwa ya fedha za kodi iliingia mfuko mkuu wa bajeti, ambako hakuna awezaye kuionyesha kwa kidole.

Kwenye vipilefti walikutana madereva wa malori, mafundi, wahudumu wa wazee, wastaafu, wanawake wengi kuliko ilivyozoeleka, na wengi ambao hawajawahi kuandamana maishani. Walijenga vibanda vya mbao chakavu, wakawasha moto, wakapika supu, wakaanza kuulizana mshahara unaisha tarehe ngapi. Hapa ndipo sosholojia inapoona kitu ambacho hesabu za kodi hazioni: mshikamano ulizaliwa kweli, ila ulizaliwa dhidi ya sera. Mojawapo ya kauli zao ilisema mwisho wa dunia na mwisho wa mwezi ni vita moja. Anayesema hivyo hapuuzi tabianchi.

Tarehe 4 Desemba serikali iliisimamisha nyongeza, na kesho yake ikaifuta kwa mwaka wote wa 2019.

Je, dawa ni kuwarudishia watu fedha? Ni sehemu ya dawa, lakini namna ya kurudisha ina uzito kuliko kiasi. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilianza kodi yake Julai 2008 kwa dola 10 kwa tani, na Juni, kabla kodi haijaanza, kila mkazi alipewa dola 100. Kodi nyingine zikashushwa. Watu wa kaskazini na vijijini walipolalamika, wakaongezewa nafuu yao kuanzia 2011. Utaratibu ule ulistahimili kwa miaka mingi.

Serikali kuu ya Kanada nayo ilirudisha sehemu kubwa ya kodi yake kwa kaya, lakini kuanzia 2019 ilizificha fedha hizo ndani ya marejesho ya kodi ya mapato ya kila mwaka. Zilipoanza kuingia benki kila robo mwaka, 2022, majina ya malipo yalitofautiana benki kwa benki. Wengi walilalamikia bei kituoni bila kujua wameshalipwa. Aprili 2025 kodi hiyo kwa watumiaji ikaondolewa. Uswisi hupunguza bima ya afya ya kila mkazi kwa fedha za kodi ya kaboni, na huko pia wengi hawajui.

Imani ikishavunjika, hata hesabu nzuri haisaidii. Wachumi Thomas Douenne na Adrien Fabre waliwahoji Wafaransa mwanzoni mwa 2019 kuhusu kodi ambayo mapato yake yote yangegawanywa sawa kwa watu wazima. Wengi ambao wangefaidika walisadiki watapata hasara, na hata walioonyeshwa hesabu zao wengi hawakuziamini.

Wakenya wanaijua hali hii. Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na tozo ya mazingira iliyogusa nepi, taulo za kike na simu. Serikali iliipunguza makali katikati ya Juni, lakini vijana walikuwa wamekwisha kuuhesabu muswada wote pamoja, na tarehe 26 Juni Rais Ruto akakataa kuutia saini.

Ufaransa baadaye iliteua kwa kura ya bahati nasibu raia 150, wakakaa kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020 kujadili namna ya kupunguza hewa ukaa kwa haki. Walitoa mapendekezo 149, mengine makali kuliko wanasiasa walivyothubutu. Kupandisha kodi ya kaboni kwenye mafuta hakukuwemo, na kiwango chake kimebaki euro 44.60.