Kuchagua .22 ya bei nafuu inayojikoki yenyewe, ukiwa Mtwara au Lindi

Bunduki ya .22, yaani ile ya risasi ndogo yenye kipenyo cha karibu milimita 5.6, haifai kwa nguruwe pori. Naanza na hilo kwa sababu maswali mengi yanayonifikia kutoka Newala, Tandahimba na Nachingwea ni ya wakulima ambao mihogo yao inafukuliwa usiku. Mtu amewaambia kwamba iko bunduki ndogo, nyepesi, ya bei ya chini, inayopiga risasi kumi mfululizo bila kukokiwa upya. Ipo kweli. Lakini risasi yake ina uzito wa gramu 2.6 tu. Ikimpata nguruwe mzima haimwangushi, inamjeruhi, naye anaingia kichakani na hasira zake, na wa kwanza kukutana naye asubuhi ni mama anayekwenda kuokota korosho. Kama shida yako ni wanyama waharibifu, peleka taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Usiitafutie dawa kwenye .22.

Kazi ya bunduki hii ni kulenga shabaha na kumfundisha mtu kupiga. Hapo haina mpinzani. Haipigi teke begani, mlio wake ni mdogo, risasi zake ni za bei ya chini kuliko za bunduki yoyote kubwa, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kufyatua mara nyingi mpaka kidole kikazoea kuvuta kifyatulio polepole bila kushtuka. Mimi kazi yangu ni ufundi wa silaha na kufundisha ulengaji, na sijaona namna bora ya kumwanzisha mtu mgeni kuliko .22.

Kuhusu kibali sitakaa sana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakutaka uwe na leseni kwanza, bunduki baadaye, na leseni hiyo inapitia Polisi. Maduka ya silaha yaliyosajiliwa wengi wetu huku kusini tunayafuata Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, kwa hiyo usipande basi na fedha mfukoni kabla hujauliza kituoni kama aina inayojikoki yenyewe itakubaliwa kwa sababu unayoieleza. Ukijibiwa hapana, .22 ya kukoki kwa mkono nitaizungumzia mbele kidogo, na wala si ya kusikitikia.

Sasa tuingie ndani ya chuma, maana ukielewa inavyofanya kazi, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka mwaka 1887 katika kiwanda cha J. Stevens huko Marekani. Fataki yake, ile dawa inayowasha baruti, haiko katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa. Imepakwa ndani ya ukingo, kuzunguka ganda lote, na pini ya bunduki inaugonga ukingo huo ukiwa umeegemea mdomo wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linamokaa risasi. Kwa hiyo ganda lazima liwe laini na jembamba ili lipondeke, na nguvu ya baruti lazima iwe ndogo ili ganda lisipasuke. Ganda likishatumika halijazwi tena. Na kwa kuwa fataki inapakwa kwenye ukingo mwembamba, mara mojamoja hutokea sehemu iliyokosa, pini ikagonga pasipo na kitu. Risasi ikikataa, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, subiri nusu dakika nzima, ndipo utoe.

Katika bunduki inayojikoki, bolti, kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya chemba, haifungwi na kitasa chochote. Inashikiliwa na uzito wake na springi tu. Ukifyatua, gesi inaisukuma risasi mbele na ganda nyuma. Ganda linaisukuma bolti, ukucha unalitoa ganda na kulirusha pembeni, springi inairudisha bolti mbele ikiwa imeichukua risasi nyingine. Yote hayo yanatokana na nguvu ya ile risasi ndogo. Ikiwa dhaifu, bolti hairudi nyuma ya kutosha, ganda linabanwa mlangoni. Ikiwa chemba ni chafu, hali ni hiyohiyo. Kwa hiyo ukisikia bunduki fulani ya bei ya chini "inakwama ovyo", mara nyingi ubaya si wa bunduki. Ni risasi isiyoifaa, au ni masizi, au ni magazini, yaani kasha linalobeba risasi.

Risasi za kasi kubwa hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 380 kwa sekunde, za kawaida karibu mita 325. Za polepole kabisa, zinazotengenezwa ili zisivuke mwendo wa sauti, ni tulivu na nyingi zinalenga vizuri, lakini bunduki nyingi zinazojikoki zinazikataa. Kabla ya kupenda bunduki yoyote, ulizia duka lina risasi gani mwaka mzima, siyo lina nini leo. Mimi naiweka hoja hii juu ya jina la kiwanda. Halafu hakikisha ni .22 Long Rifle kweli. Kuna .22 Magnum, ndefu na nene zaidi, na hizo mbili hazibadilishani hata kidogo.

Katika zile za bei nafuu, majina utakayoyasikia sana ni matatu. Ruger 10/22 ilianza kuuzwa mwaka 1964, na magazini yake ya risasi kumi ni ya mzunguko: ndani kuna gurudumu lenye nafasi kumi, kila risasi imekaa peke yake, ukingo wa moja haugongani na ukingo wa nyingine. Wazo hilo moja ndilo lililoifanya iaminike. Vipuri vyake ni vingi kuliko vya .22 nyingine yoyote, na mtutu umeshikwa kwa skrubu mbili tu, fundi anaubadilisha bila mashine. Marlin Model 60 ni ya mwaka 1960, na kwa miaka mingi iliuzwa Marekani kwa chini ya dola 200. Inalenga vizuri ajabu kwa bei hiyo. Risasi zake zinakaa kwenye bomba refu chini ya mtutu, na hapo ndipo ninapokuwa mkali: bomba la shaba likibonyea kidogo tu, risasi hazishuki, na risasi ya mwisho inaweza kubaki imejificha ndani wakati mwenyewe anaamini bunduki ni tupu. Kwa mwanafunzi sipendi. Savage 64 ina magazini ya boksi ya risasi kumi, ni nyepesi kwa mfuko, ila midomo ya magazini ikipinda kwa kuanguka sakafuni basi utaanza kulalamikia bunduki nzima. Ukiinunua, nunua na magazini ya pili siku hiyohiyo.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia Ruger, hata ikibidi ungoje miezi uongeze fedha. Uzalishaji wa Marlin 60 ulisimama mwaka 2020 Remington ilipofilisika, kwa hiyo utakayoipata sasa ni iliyotumika, na springi au bomba lake huku kwetu utavisubiri sana.

Iliyotumika siikatai, mradi uikague mwenyewe mbele ya muuzaji mwenye leseni. Toa magazini, vuta bolti, tazama chemba na uiguse kwa ncha ya kidole uhakikishe ni tupu. Kisha chukua tochi ndogo umulike mdomo wa chemba, pale pini inapofika. Ukiona kidonda kidogo, chuma kimesukumwa kuelekea ndani ya tundu, ujue mtu alizoea kuifyatua tupu mpaka pini ikapiga chuma badala ya ganda. Pitisha kipande cha pamba hapo. Kikinasa, maganda nayo yatanasa. Ruger wanasema 10/22 inaweza kufyatuliwa tupu bila madhara, lakini si kila .22 imetengenezwa hivyo. Angalia ukucha wa kutolea ganda: unatakiwa uwe mkali, siyo wa mviringo.

Baada ya hapo geuza bunduki uuangalie mdomo wa mtutu. Wengi hapa hawaangalii, nami ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote. Bunduki hizi nyingi nyuma zimezibwa, huwezi kupitisha fimbo ya kusafishia kutokea chembani bila kuzifungua, basi watu husafishia mbele kwa fimbo ya chuma. Miaka inapita, fimbo inakula upande mmoja wa mdomo, na risasi inapotoka gesi inaisukuma kiupande. Mtutu unang'aa ndani, mtu anasifu, shabaha inatawanyika. Mulika: ule mduara wa mwisho wa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu uwe sawa pande zote. Na ukiinunua yako, safisha kwa kamba ya kuvuta kutokea chembani.

Usafi wenyewe hapa pwani una mambo yake. Kuanzia Mikindani hadi Kilwa, hewa ina chumvi, na kitako cha plastiki kinanipa amani kuliko cha mbao kinachovimba masika. Lakini adui ninayemwogopa zaidi kuliko chumvi ni salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, mifuko ya salfa hujaa stoo, na vumbi lake laini hupenya kila mahali. Likikutana na unyevu linakula chuma na kuyafanya maganda ya shaba kuwa meusi. Bunduki na risasi visilale nyumba moja na salfa, hata kama kabati la chuma lina kufuli nzuri. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa au ngozi, unatunza unyevu. Oili iwe kama jasho tu juu ya chuma. Ikizidi inakusanya nta ya risasi na baruti isiyoungua, bolti inakuwa nzito, na tumeshaona bolti nzito inaleta nini.

Jambo la umbali halina mjadala. Risasi ya .22 iliyolengwa kwenye mita 50 itakuwa imeshuka karibu sentimita 17 ikifika mita 100, kwa hiyo watu hudhani inaishia hapo. Haiishii. Inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Mikorosho ya Masasi imekaa kwenye ardhi tambarare, na nyuma ya mti wa mwisho kuna nyumba ya mtu. Lenga kwenye uwanja ulioruhusiwa wenye tuta la udongo nyuma, na kamwe usilenge kitu kilicho juu ya mti.

Ile ya kukoki kwa mkono niliyoahidi: CZ 457, au Brno ya zamani ukibahatika kukuta iliyotunzwa. Inakula risasi ya kila aina, ya polepole na ya kasi, haijali masizi sana, na inasafishwa kutokea nyuma. Kama nia yako ni kulenga tu, wala huna haja ya mwendo wa haraka, naipendekeza kuliko zote nilizotaja.

Ukishapata yoyote, nunua sanduku moja moja la risasi za viwanda vitatu, kwa kiasi ambacho leseni inaruhusu. Keti, egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga makundi ya risasi kumi kwa mita 25, na andika daftarini kundi lilivyokaa na mara ngapi ganda limekwama. Rudia siku nyingine chemba ikiwa chafu. Risasi iliyopiga kundi dogo, yaani matundu yaliyokaribiana, bila kukwama siku zote mbili ndiyo utakayoiagiza tena Dar.