Si Kila Maumivu ni Mshipa: Tutofautishe Uchovu wa Misuli na Jeraha

Kila jioni bustani ya Mama Ngina hapa Mombasa hujaa watembeaji na wakimbiaji, na sisi tunaofanya kazi ya tiba ya viungo tunalishukuru sana jambo hilo. Hata hivyo, wanaofika katika idara yetu wakiwa wamechelewa wamezidi kuongezeka, na wengi wao huja na neno moja: mshipa. Mshipa umeshika, mshipa umeruka, mshipa umelala. Neno hilo hapa pwani hubeba msuli, kano, neva na hata ngiri, na kwa kuwa linabeba kila kitu, halimsaidii mgonjwa kujua ameumia wapi.

Maumivu ya kawaida ya misuli hayaanzi papo hapo. Mtu hukimbia jioni, akalala vizuri, kisha akaamka mwili umekaza. Maumivu huanza baada ya saa 12 hadi 24, huwa makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na huisha ndani ya wiki. Huenea katika msuli mzima, aghalabu miguu yote miwili, na hupungua mwili unapopata joto kwa mwendo mwepesi. Chanzo chake ni michaniko midogo mno ya nyuzi za misuli, hasa pale msuli unapofanya kazi huku ukivutwa, kama mapaja yanavyofanya mtu anapoteremka kwenda kupanda feri ya Likoni akiwa na mzigo. Tafadhali tuache kuambizana kwamba ni asidi iliyoganda mwilini. Asidi inayotokana na mazoezi makali huondoka misulini ndani ya muda wa saa moja hivi, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayomuumiza mtu keshokutwa. Na asiyeumwa hajapoteza jasho lake bure, kwani msuli uliozoea kazi hauumi.

Jeraha huja kwa namna nyingine. Mgonjwa huikumbuka hatua aliyokanyaga vibaya, pengine alisikia mlio, na anapoulizwa panapouma huonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, ilhali mwenye uchovu wa misuli hupitisha kiganja kizima juu ya paja. Hivi majuzi alikuja hamali wa mkokoteni, kifundo cha mguu kimevimba hadi kiatu hakiingii. Alikuwa amekandwa mara tatu kwa mafuta ya moto. Nilibonyeza taratibu ukingo wa nyuma wa ule mfupa wa nje wa kifundo, katika sentimita 6 za mwisho, akauvuta mguu. Nilipomwomba atembee hatua 4, ya pili ilimshinda. Vipimo hivyo vilitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, wakavichapisha mwaka 1992, na huonyesha nani anahitaji picha ya eksirei. Picha yake ilionyesha mfupa umevunjika.

Siwalaumu wakandaji, maana wapo wenye mikono ya kheri. Lakini kuchua kwa nguvu jeraha lisilotimiza siku mbili huongeza damu inayovujia ndani, na mafuta ya moto huzidisha uvimbe. Katika siku hizo, mguu upumzishwe, uinuliwe, ufungwe bendeji isiyobana sana, na uwekewe barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Dawa za diklofenaki zinazonunuliwa dukani bila ushauri huficha maumivu na kumrudisha mtu kazini juu ya jeraha, na kwa aliyepungukiwa na maji katika joto letu hili, zinaweza kudhuru figo.

Yapo mambo mawili yasiyosubiri kesho. La kwanza ni misuli inayouma kupita kiasi au kulegea baada ya kazi nzito, pamoja na mkojo wenye rangi ya chai ya strungi: hiyo ni dalili kwamba misuli imevunjikavunjika na taka zake zinaelemea figo. La pili ni uvimbe wa mguu mmoja tu, wenye joto na maumivu kwenye kigimbi, ambao huenda ukawa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na hapa neno mshipa limetumika mahali pake. Usichuliwe hata kidogo.

Kwa waajiriwa wa bandarini na kwenye maghala, wakiwemo vibarua, liko la ziada. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ijulikanayo kama WIBA, mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata habari zake, na dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kwa hiyo mjulishe msimamizi siku hiyo hiyo, ikiwezekana kwa maandishi, na umweleze daktari saa, mahali na kazi uliyokuwa ukiifanya, ili yote yaingie katika rekodi yako. Anayekuja baada ya miezi miwili akisema aliteguka kazini, huku cheti chake cha kwanza kimeandikwa maumivu ya misuli tu, hutuwia vigumu sana kumsaidia.

Mkija kwetu, njooni na viatu mlivyokuwa mmevaa siku mlipoumia. Mara nyingi soli iliyolika upande mmoja hutuonyesha jinsi mguu ulivyopinda.