Kikomo cha Mihula Hakikuzaliwa 2010

Kaa kidogo na wanaojadili siasa pale bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, utasikia kwamba kikomo cha mihula miwili ya urais wa Kenya kililetwa na Katiba ya 2010. Sivyo. Kiliingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa marekebisho yaliyofuta kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, KANU, na kurudisha vyama vingi. Hesabu ikaanza upya, hivyo Rais Moi wa KANU, aliyetawala tangu 1978, akaweza kugombea na kushinda 1992 na 1997. Lakini mwaka 2002 jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura. KANU ikashindwa kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na Desemba hiyo, Uhuru Park, Mwai Kibaki wa upinzani akaapishwa kuwa rais. Hiyo ndiyo nguvu ya kikomo: kinamwondolea aliye madarakani faida ya kugombea akiwa ikulu.

Katiba ya 2010 ilikiimarisha tu. Kubadilisha muhula wa rais sasa kunahitaji kura ya maoni, na magavana nao wamewekewa mihula miwili. Wabunge, maseneta na wawakilishi wadi bado hawana kikomo chochote, nami naona wanastahili kuwekewa.