Je, wajua kwa nini hela ya mfadhili inapitia kwa mchungaji wa mtaani kwako?

Mtaa wowote wenye kituo cha Compassion, lile shirika la kufadhili watoto, hilo swali halikosi, hasa Jumamosi watoto wakianza kumiminika kanisani na vikombe vyao vya uji. Hivi yule mzungu anayemsomesha mtoto wa mama fulani si amtumie tu mamake kwa simu, M-Pesa si ipo, kwa nini mpaka zipite kwa mchungaji? Afu swali la pili linaulizwa kwa sauti ya chini, kwani mchungaji hapo katikati hazili?

Twende taratibu maana watu wengi wanachanganya. Compassion International ni shirika la Kikristo la Marekani, makao makuu yako Colorado Springs, na vituo vya watoto haliendeshi lenyewe, linaingia ubia na kanisa ambalo tayari lipo hapo, kwa Tanzania iwe TAG, Anglikana, KKKT, FPCT na mengineyo. Kanisa ndo linatoa jengo, linachagua kamati, linatafuta mratibu na mhasibu, na wao ndo wanazunguka nyumba kwa nyumba kuangalia nani aandikishwe. Mfadhili huko aliko anachangia kila mwezi (kwa Marekani kwa miaka mingi ilikuwa dola 38), ile hela inakuwa bajeti ya kituo: ada, sare, matibabu, chakula cha siku ya kituo, madaftari, walimu. Kwa hiyo mtoto hashiki noti na mama hashiki noti. Mama anaona sare, basi.

Ila kuna zawadi. Mfadhili akiamua kutuma kitu cha ziada, labda birthday, kituo kinakaa na familia wanakubaliana kinunuliwe nini, mbuzi, godoro, mabati, halafu inapigwa picha. Zile picha kama umewahi kuziona utacheka, mtoto kasimama wima kama yuko gwaride, pembeni godoro jipya bado lina nailoni, juu yake mchele na sabuni za miche zimepangwa kwa mstari, na uso hauna hata dalili ya tabasamu! Picha inaenda pamoja na barua ya Kiswahili, inatafsiriwa, na mtu wa Texas anasoma kwamba mbuzi kazaa mapacha.

Sasa kwa nini kanisa? Inabidi turudi Korea. Mwaka 1952, vita ikiwa bado inaendelea, mhubiri mmoja wa Marekani anaitwa Everett Swanson alienda kule kuwahubiria wanajeshi. Shirika lenyewe linasimulia kwamba asubuhi moja ya baridi kali aliona wafanyakazi wanarusha kwenye lori vitu alivyodhani ni matambara, kusogea karibu kumbe ni watoto yatima waliokufa usiku kwa baridi. Akarudi kwao akaanza kuzunguka makanisani kuomba michango, na kufikia 1954 ukaanza mpango wa mtu mmoja kumfadhili mtoto mmoja. Jina Compassion lilikuja 1963, limetoka Mathayo 15:32, pale Yesu anaposema anawahurumia makutano. Na hakuwa peke yake, Bob Pierce wa World Vision (1950) naye aliwakuta yatima haohao wa Korea, ila World Vision baadaye walienda njia nyingine, hela ya wafadhili wengi inafanya mradi wa eneo zima kama kisima, ndo maana ukiwa "mtoto wa World Vision" na ukiwa "mtoto wa Compassion" sio kitu kimoja.

Sababu ya kung'ang'ania kanisa ni mbili na zote waziwazi. Ya kwanza, mchungaji anajua nyumba zenye njaa. Anajua nani baba kakimbia, bibi yupi analea wajukuu watano, na mradi ukiisha yeye haondoki na Land Cruiser, yupo palepale. Ya pili ni imani, hawa watu wanataka mtoto afundishwe Biblia na hawafichi. Mtoto wa Kiislamu anaandikishwa na halazimishwi kubadili dini, ila masomo ya kituo ni ya Kikristo, mzazi ajue hilo kabla hajasaini.

Je inasaidia kweli au ni picha za godoro tu? Hapa kuna utafiti mzito. Wachumi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, walifuatilia watu zaidi ya 10,000 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo, majibu yakatoka 2013. Ujanja wao ulikuwa mzuri: mradi wa Compassion ukifika kijijini ulikuwa unachukua watoto wa miaka 12 kushuka chini, kwa hiyo wachumi waliwalinganisha waliofadhiliwa na kaka na dada zao ambao umri ulikuwa umeshawapita, nyumba ileile, wazazi walewale. Waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa kati ya mwaka 1.03 na 1.46, na waliomaliza sekondari waliongezeka kwa pointi za asilimia 12 hadi 18 juu ya ile asilimia 44.5 iliyokuwepo. Kwa mradi wa uji na barua hiyo sio ndogo. Wydick baadaye akaenda Indonesia akawapa watoto rangi wachore picha zao wenyewe, na za wenye wafadhili zilionyesha furaha na matumaini zaidi, ndo akaanza kusema huenda siri sio ada peke yake, ni mtoto kuambiwa kila wiki kwamba atafika mbali.

Tukirudi kwa swali la kunong'ona: mpango umewekewa ukaguzi, risiti na mhasibu, lakini tusidanganyane, kumpa mtu mmoja wa mtaani sauti ya nani aandikishwe ni kumpa nguvu kubwa, na manung'uniko ya "mbona mtoto wa mzee wa kanisa kapata wangu hajapata" yatakuwepo tu. Kamati ikilala, nguvu hiyo inaharibu.

Na bomba zima linaweza kufungwa na serikali. India iliizuia Compassion kuingiza hela kutoka nje, ikidai zinatumika kubadili watu dini, Compassion wakakanusha, ila mwaka 2017 wakafunga miaka 48 ya kazi na watoto zaidi ya 140,000 wakakatiwa ufadhili. Korea nayo ikaenda kinyume kabisa, ilitoka kwenye orodha ya wanaopokea mwaka 1993, ikafika 2003 ikaanza kufadhili watoto wa nchi nyingine, kwa hiyo ukisikia mfadhili wa mtoto wa jirani yako anaitwa Kim, usishangae.