Mlima wa nguo na soksi moja: navyodizaini posta ya muvi ya mama

Nikipewa posta ya muvi ya mama na mtoto, zile za kuchekesha zenye mambo ya ndoto ndani yake, wa kwanza kumtoa kichwani ni yule mama mwenye mbawa na mwanga nyuma ya kichwa. Yule simwamini, na mama yeyote aliyekesha na mtoto mwenye homa hamwamini pia.

Mi natafuta kitu kimoja cha kawaida cha nyumbani nakibadilisha ukubwa, basi. Chukua nguo chafu: zirundike ziwe mlima mpaka mawinguni, mama awe mdogo kama kidole, anapanda na mtoto mgongoni, na kule kileleni badala ya bendera pana soksi moja ya mtoto, ile ambayo ya pili haijulikani iliko. Mtu anacheka kwanza, halafu anamkumbuka mama yake.

Ila geuza hicho kimoja tu, vingine vyote viwe vya kweli kabisa. Soksi iwe na lastiki iliyolegea na kauzi kananing'inia kwenye kidole, kivuli chake kiangukie upande uleule na cha mama, na mkono uliomshika mtoto uonekane unashika kweli yaani vidole vimezama kidogo kwenye kitambaa. Hapo ndo jicho linaukubali mlima.

Saizi ya kawaida ya posta za sinema Marekani ni inchi 27 kwa 40, ukiprinti kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 8100 kwa 12000, sasa anza na ukubwa huo huo usije ukavuta kapicha kadogo kakapasuka. Na skrini inatoa rangi kwa mwanga, printa inatumia wino nne, kwa hiyo ile pinki inayowaka kwenye kompyuta itapoa ikifika kwenye karatasi.

Yale majina ya waigizaji na watengenezaji chini ya posta yanakuwa membamba na marefu kwa sababu mikataba mara nyingi inapima urefu wa herufi kwenda juu kwa kulinganisha na jina la muvi, so njia ya kuyatosheza yote ni kubana upana.

Mwisho naipunguza posta mpaka iwe kama stempu, maana wengi wataiona kwenye simu. Soksi ikipotea narudi kuongeza anga tupu kuizunguka, hata kama jina la muvi itabidi lisogee chini.