Engaruka: ni nani waliojenga, na kwa nini waliondoka?

Swali ambalo sisi wanaakiolojia huulizwa mara nyingi kuhusu Engaruka ni hili: ni watu gani waliojenga mji ule wa mawe kisha wakatoweka? Swali lina haki yake. Ila nusu ya fumbo imetokana na kuita "mji" kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa shamba.

Magofu yako wilayani Monduli, mkoani Arusha, chini kabisa ya ukuta wa Bonde la Ufa. Nchi ni kame na mvua yake haiaminiki. Hata hivyo tambarare imejaa mistari ya mawe katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 20, na kwenye mteremko yapo mabaki ya vijiji saba, ambavyo nyumba zake zilisimama juu ya vitalu vilivyosawazishwa mlimani. Hapakutumika chokaa wala udongo wa kushikiza. Mawe yamepangwa tu, na mengi bado yapo yalipowekwa.

Mvumbuzi Mjerumani Gustav Fischer aliyaandika magofu haya mwaka 1883. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika mwaka 1935, akakadiria kuwa waliishi humo watu zaidi ya 30,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyonogesha hadithi za taifa kubwa lililopotea. Uchimbaji wa miaka ya 1960 na baadaye, uliofanywa na wanaakiolojia akina Hamo Sassoon na John Sutton, uliishusha hadi watu elfu chache. Mengi ya marundo ya mawe yaliyotapakaa mashambani ni mawe yaliyookotwa na wakulima ili jembe lipite. Mkulima yeyote wa Mbulu angeyatambua kwa kuyatazama.

Kinachostahili kustaajabiwa ni maji. Wakazi waliyakinga pale vijito vinapotoka kwenye korongo za ukuta wa Bonde, wakayaongoza kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, inayoshuka taratibu mno ili maji yasikimbie na kuchimba udongo. Yalipofika chini yaligawanywa kwenye vishamba vilivyosawazishwa, kimoja baada ya kingine. Utafiti wa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba sehemu nyingine kuta zilijengwa makusudi ili kunasa tope lililoletwa na maji. Kwa maneno mengine, udongo wenyewe wa baadhi ya mashamba hayo ulitengenezwa. Punje za mtama zilizoungua zimepatikana, na mazizi ya mawe yaliyo katikati ya mashamba yanaashiria mifugo iliyolishwa zizini, samadi ikabaki karibu.

Kipimo cha umri wa mkaa kinaweka maisha hayo kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Kuhusu wenyewe, wapo wanaowataja Wairaqw, wapo wanaowataja Wasonjo (Wabatemi), ambao hadi leo hulima kwa mifereji, na baadhi ya wazee wa Kimaasai huwataja Iltatua, yaani Wadatoga. Binafsi siamini kwamba tutapata kabila moja la kukabidhi hati ya magofu. Watu wa miaka mia tatu iliyopita walioleana na kuhama, na majina ya makabila tunayoyatumia sasa hayakuwa na mipaka ile ile.

Mbona waliondoka? Ujio wa Wamaasai umelaumiwa mno, nadhani kwa sababu vita hunoga kusimuliwa. Mto Engaruka unatiririka mwaka mzima, lakini vijito vingine vilivyolisha mifereji ya kale leo ni makorongo makavu. Mahali ambapo kila shamba linangoja zamu ya maji, kijito kimoja kikipungua watu wanapaswa kugawana upya au kuondoka. Ongeza udongo uliolimwa karne kwa karne, na mifugo ya wageni inayohitaji maji hayo hayo. Sababu hizi hazihitaji kushindana.

Jambo moja kwa wale wanaofika na sururu kutafuta hazina: hakuna rupia za Mjerumani wala zebaki chini ya kuta za Engaruka. Watu hawa waliondoka kabla Mjerumani hajafika, na vinavyopatikana humo ni vigae vya vyungu, mifupa na mkaa. Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Anayeng'oa jiwe kwenye mfereji anafuta mwinamo wake, na mwinamo huo ndio hutuonyesha maji yalikuwa yakielekea wapi. Ukitaka kuyatembelea, chukua mwongozaji kijijini; mifereji mingine imefunikwa na nyasi, na utaikanyaga bila kujua.