Nishani za babu aliyekuwa Keya: huvaliwa upande gani?

Kila inapokaribia 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa katika vita vya dunia, hapa makumbusho tunapokea wajukuu wenye swali moja: babu alikuwa Keya, yaani askari wa Mwingereza enzi za ukoloni, ameacha nishani, je, ninaruhusiwa kuzivaa?

Zivae, ila upande wa kulia wa kifua. Kushoto, penye moyo, ni mahali pa aliyezitolea jasho mwenyewe. Ndiyo desturi ya Uingereza, iliyokuwa na jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Askari mstaafu akikuona, kabla hajakuuliza jina, anajua umekuja kwa niaba ya mzee wako. Walio Canada wajihadhari: kule sheria humruhusu aliyetunukiwa peke yake.

Mwaka jana alikuja dada mmoja na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na nyota tatu za ncha sita zilizopiga weusi, na tepe mbili zilizotafunwa na wadudu. Nyumbani walikuwa wameshaamua kwamba ni bandia, kwa kuwa nyuma hazina jina la babu. Iliniuma, maana nimesikia hayo mara nyingi, na nishani halali zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Uingereza ilizigawa nyota za Vita Kuu ya Pili bila kuchora majina! Umbo lake ni moja. Tofauti iko kwenye maandishi ya katikati na kwenye utepe. Utepe wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga wa jangwani, mstari mpana mwekundu wa jeshi la nchi kavu, buluu iliyoiva ya wanamaji na buluu ya mbingu ya wanaanga.

Mpangilio nao haubadiliki. Kwa anayekutazama, kuanzia kushoto kwake: Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, kisha Nishani ya Ulinzi na Nishani ya Vita kama zipo. Ukizisoma hivyo unaifuata safari ya mzee, kutoka Uhabeshi hadi misitu ya Burma.

Sare ni jambo jingine. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zinamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au vazi linalofanana nayo. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Kwa hiyo vaa suti, kanzu au gauni la heshima, nishani juu yake.

Na tafadhali, msizisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia. Kitambaa kikavu kinatosha.

Yule dada alinunua tepe mpya, akazibana nyota zote tatu kulia. Zile tepe zilizoliwa alizikunja akazirudisha koponi, kwa sababu ndizo zilizokuwa kifuani kwa babu yake.